Chumba cha Bi Mize

Siku Yakuti ilipofunga gati Mkoani kwa mara ya kwanza, soko zima lilihamia bandarini. Wauza pweza walikuja na masinia yao, makuli wakaacha mizigo, akinamama wa Mtambile wakashuka na vikapu, wote kuitazama meli nyeupe yenye ghorofa juu ya ghorofa, meli ya kutembea tu, isiyobeba hata gunia moja la karafuu. Wenye meli walisema watu wapande wajionee. Nani asiyetaka kujionea? Foleni ilifika mpaka barabarani.

Ruweida alikuwa ndani ya foleni hiyo, baibui jeusi lenye nakshi za zari mikononi, mtandio wa zambarau, na subira imemwisha. Alikuwa muuza dawa wa Chake Chake, mwanamke wa maneno yake, asiyeficha la moyoni. Mara akamwona kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi, anawapita watu wote na kwenda moja kwa moja kwenye ngazi ya meli.

"Wee kaka! Sisi tumesimama hapa tangu asubuhi, wewe unakwenda wapi? Rudi nyuma!"

Kijana akageuka, akamtazama. "Nirudi nyuma wapi, dada?"

"Nyuma ya yule mzee mwenye bakora. Adabu hainunuliwi."

Watu wakacheka. Kijana hakubisha. Alikwenda zake akasimama nyuma ya mzee mwenye bakora, mikono kaifumbata kama mtoto wa chuo cha Kurani. Foleni ikaganda. Jua likapanda, watu wakaanza kunung'unika, na bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Jamani, hivi tunangoja nini?"

"Mnaningoja mie," kijana akajibu kule nyuma. "Funguo za vyumba ninazo mie, lakini huyu bibie kanirudisha."

Lahaula! Watu walicheka hadi mzee mwenye bakora akashika mbavu. Ruweida alitamani ardhi ipasuke aingie na mtandio wake.

Jina lake Hamdan, mtu wa Vitongoji, na ndiye aliyesimamia vyumba vyote vya Yakuti. Hakumlipizia. Alimtembeza mwenyewe, na njiani Ruweida akamweleza shida yake: kaka yake Nyange, anayefanya kazi Maskati, ametaka kumtembeza mama yao. Meli ingeizunguka Pemba na kurudi Mkoani siku ya tatu. Wasafiri ni mama yao Bi Mize, Ruweida, na dada yao Rahila na wanawe. Kazi ya kuchagua vyumba ameachiwa Ruweida.

"Hiki ni cha ndani," Hamdan akafungua mlango wa kwanza. Kitanda, taa, ukuta. "Hakina dirisha. Unalala kama Nabii Yunus tumboni mwa samaki."

"Yunus hakwenda kutembea. Nionyeshe kingine."

"Hiki cha familia. Vitanda vya juu na chini, watoto wapande washuke wachoke wenyewe."

"Hiki cha Rahila. Na mama?"

Hamdan akatangulia. Akafungua mlango wa tatu, akavuta pazia, akasukuma kioo. Ruweida akatoka nje kwenye roshani. Bahari ilikuwa chini yake, si mbele yake kama alivyozoea, chini yake, buluu iliyokuwa ikibadilika kuwa kijani kisha buluu tena, na kule mbali mchanga wa kisiwa cha Misali umeng'aa mpaka jicho linauma. Alizaliwa kisiwani, amekula samaki wa maji haya maisha yake yote, na hakuwahi kujua kama ni makubwa hivi. Akashika chuma cha roshani kwa mikono miwili.

"Subhanallah," alisema, na machozi yakamtoka bila ya kuyaita.

Alipogeuka, Hamdan hakuwa akitazama bahari.

"Hiki," Ruweida akasema akijifuta. "Mama yangu atalala hapa. Na wewe usinitazame hivyo, utaanguka baharini."

"Nishaanguka, bibie."

Basi simu zikaanza. Asubuhi kabla hajafungua duka, jioni akishafunga.

"Habibti, umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri, msimamizi wa vyumba. Wewe umeshapangiwa chumba moyoni mwangu au bado uko kwenye foleni?"

"Niko nyuma ya mzee mwenye bakora."

"Kaa hapo hapo!" Ruweida akacheka peke yake dukani mpaka wateja wakamtazama.

Hata alipokuwa akicheka, huzuni ya mama yake ilikuwa pale pale moyoni. Baba yao alikufa, na mama yao akakaa eda, akawa kizuka: nguo nyeupe, chumba kimoja, hatoki. Eda ilikwisha. Walimwogesha, wakamvisha kanga mpya, wakamfungulia mlango. Bi Mize hakutoka. Alikaa pale pale pembeni mwa kitanda, akiulizwa anajibu "si neno", akiletewa chakula anasema "si neno". Mwanamke aliyekuwa akisikika kicheko mpaka mtaa wa pili! Ruweida aliamini kama kuna kitu cha kumrudisha mama yake, basi ni ile roshani.

Jioni moja akamwambia Hamdan kwenye simu, "Mama yangu katoka eda hivi karibuni. Ndiyo maana namtakia chumba kizuri."

Hamdan akasema kwa upole, "Nimefahamu. Niachie mie, roho yangu."

Ruweida akamwachia. Kosa lenyewe ndilo hilo.

Siku ya safari walipanda, wanawe Rahila wanakimbia mbele, Bi Mize nyuma na kanga yake mpya, hatua za pole. Ruweida akaweka kadi ya kufungulia mlangoni, mlango ukafunguka. Kitanda, taa, ukuta.

"Hiki siyo," akasema. "Wamekosea."

Bi Mize alishaingia. Alikaa pembeni mwa kitanda, mikono mapajani, vile vile kama nyumbani. "Si neno, mwanangu. Nishazoea."

Ruweida alishuka ngazi hajui anakanyaga wapi. Alimkuta Hamdan mezani kwake, kavaa vizuri, ananukia udi, anatabasamu. Tabasamu lile halikudumu.

"Umembadilishia mama yangu chumba?"

"Ruweida, si umeniambia katoka eda? Roshani ile watu wa deki ya juu wanaiona. Mama yangu mie alipotoka eda hakutaka hata dirisha lifunguliwe, alisema anaona haya kutazamwa. Nilitaka kumsitiri mama, hapo ndipo..."

"Mama yako si mama yangu! Mie nahangaika kumtoa ndani, wewe umemfungia tena! Kirudishe."

"Vimejaa vyote."

"Basi na moyo wangu nao umejaa. Usinipigie tena."

Akazima simu. Moyo unamuuma kwa sababu mbili na hajui aanze kulilia ipi. Alilala karibu na mama yake ndani ya chumba kisichojua usiku wala mchana, akimsikiliza akipumua.

Alipoamka alfajiri, upande wa mama yake ulikuwa mtupu.

Ruweida alitoka mtandio begani. Kwa Rahila hayupo. Msalani hayupo. Kwenye kona akagongana na Hamdan, macho mekundu, shati la jana.

"Mama yangu haonekani!"

Hawakukumbushana ugomvi. Walipanda ngazi mbio, ghorofa baada ya ghorofa, Hamdan akifungua milango, Ruweida akiita. Na moyo wa binadamu kwa kufikiri mabaya! Ulishamwonyesha kila kitu isipokuwa kile walichokikuta.

Deki ya juu kabisa, upande wa mbele, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka na birika za chai. Katikati yao Bi Mize, kashika kikombe, kaegemeana na Bi Conchesta, mwalimu mstaafu mtu wa Bukoba aliyehamia Mtambile ujanani. Mama alikuwa akicheka. Kile kicheko cha mtaa wa pili.

"Njooni! Njooni muone!" akawaita. "Weye Ruweida, umeiona Pemba?"

Ruweida akageuza uso. Jua lilikuwa likitoka. Meli ilikuwa inazunguka ncha ya kaskazini, mnara wa taa wa Kigomasha umesimama mweupe, na nyuma yake kisiwa chote kimelala, kilima juu ya kilima, mikarafuu na minazi na moshi wa majiko ya watu wasiojua kuwa wanatazamwa. Upepo wa kisiwani ukaleta harufu ya majani mabichi.

"Miaka yote naishi humo ndani," Bi Mize akasema taratibu. "Nimezaa humo, nimezika humo. Kumbe Pemba ndiyo hino! Mungu ana makubwa."

Hamdan akasogea, akapiga magoti pembeni ya mkeka. "Shikamoo mama. Nakuomba radhi. Usiku nimezungumza na wageni wangu, mmoja kakubali kubadilishana. Chumba cha roshani nimekupatia."

"Marahaba. Nani kakwambia nataka roshani?"

Hamdan akamtazama Ruweida. Ruweida akatazama chini.

"Huyu kanichagulia dirisha, weye umenichagulia ukuta," Bi Mize akasema, na sasa sauti ilikuwa ile ya zamani, ya kuamrisha nyumba. "Yupi kati yenu aliyeniuliza? Dirisha hata ndani ya eda nilikuwa nalo. Nilichokosa ni watu. Waliokuja walinong'ona, wakaondoka. Hata nilipotoka, bado mnaninong'onea! Leo alfajiri nimesikia wanawake wanacheka nje ya mlango, nikawafuata. Mie nataka kulala kwa wajukuu zangu, kitanda cha chini, wanipige mateke mpaka asubuhi."

"Mama, mbona hukusema?" Ruweida machozi yakamlengalenga.

"Ungeuliza ningesema."

Ruweida akamkumbatia. Kisha, bila ya kumtazama Hamdan sana, akamwambia, "Na mie nilikosa. Nilikufokea kwa kosa ambalo na mimi nililifanya."

"Nimeshasahau, habibti," Hamdan akajibu, kisha akakumbuka yuko mbele ya nani. Uso ukamwiva. "Mama, nilikuwa na nia njema. Wiki ijayo nilitaka wazee wangu wampigie simu Nyange, kuposa."

"Eeh. Na huyu umemuuliza?"

"Nilidhani nianze kwa kaka yake, ndiye walii wake wa kumwozesha..."

"Yale yale!" Bi Mize akapiga paja. Wanawake wakaangua kicheko. "Huyu kijana kuuliza hajui! Haya, uliza. Mie niko hapa, bahari iko hapa."

Hamdan akamgeukia Ruweida. Hakuwa tena msimamizi wa kitu chochote. "Ruweida binti Shaame. Wanitaka niwe mume wako?"

Ruweida, hodari wa maneno mbele ya foleni nzima, akainamisha kichwa. Hakuna kilichotoka.

"Basi imekwisha," bibi mmoja akasema. "Kimya cha mwari ndiyo idhini yake. Wazee walishasema."

"Wazee wamesema kweli," Bi Mize akajibu. "Lakini leo hapana. Kimya changu mmekisoma mara mbili, na mara mbili mmekosea. Sema, mwanangu. Nataka kukusikia."

Ruweida akainua uso. Aliitazama Pemba yote ile, akamtazama mama yake, kisha akamtazama Hamdan, aliyekuwa bado kapiga magoti na shati lake la jana.

"Namtaka, mama," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa mabaharia. "Namtaka huyu huyu."

Kigelegele cha kwanza kilipigwa na Bi Mize.