Nilikatazwa Kubeba, Nikatwikwa Pamba

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka ishirini na sita, nimeolewa kijijini Nyamuswa. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nina uchungu, sitaficha. Lakini msinionee huruma tu, nisikilizeni.

Mwaka jana, wakati wa palizi, utumbo wangu ulijisokota. Tumbo lilivimba likawa gumu kama ngoma... Mume wangu, Magesa, alinipakia kwenye lori la mfanyabiashara mmoja mpaka hospitali, Musoma. Daktari Mzungu alinipasua, akakata sehemu iliyooza, na ncha ya utumbo akaitoa nje upande wa kushoto ili choo kipitie hapo.

Nililia mno. Lakini daktari alinipa tumaini: nirudi baada ya mavuno, na akikuta hali ni nzuri, ataurudisha utumbo ndani na kunishona. Tumaini hilo ndilo lililonifanya nikubali kula.

Sista wa wodi alitufundisha, mimi na Magesa tukiwa pamoja. Nisilale siku nzima. Nitembee kila siku, kidogo kidogo, mwili upate nguvu. Nifunge tumbo kwa kitambaa kipana. Nikikohoa, niweke kiganja pale na kupakandamiza. Lakini nisibebe kitu kizito kuliko birika la chai. Si ndoo, si kuni, wala mtoto. Magesa akasema, "Mama nitamwambia mimi mwenyewe, Sista."

Kwetu, mke hamwelezi mkwe wake habari za tumbo. Hata mimba husemewa na mtu mwingine. Basi nilimtegemea Magesa. Na mnajua alimwambia nini mama yake? Kwamba nimepona, na daktari amesema nisilale, nitembee nipate nguvu. Akaishia hapo! Kisha akarudi mjini Bunda kwenye kazi yake ya cherehani, akaniacha kijijini na mama yake.

Nikaanza kutembea. Kila asubuhi naenda mpaka barabara kubwa na kurudi. Ni nani amewahi kuona mke wa mtu anatembea njiani kichwa kitupu, mikono mitupu, kama mgeni wa serikali? Wanawake waliotoka kuchota maji walinicheka. Mama mkwe alivumilia, mwisho akaniambia, wala si kwa ubaya, "Mkamwana, kama miguu inaweza kwenda, kichwa nacho kinaweza kubeba. Sisi tulikuwaga tunazaa, haipiti siku tuko shamba."

Ningemjibu nini? Nikibeba, najiumiza. Nikikataa, mimi ni mvivu. Nikisema ukweli, nimekosa adabu na nimemuumbua mume wangu... Nikachukua ndoo.

Haikupita muda, pembeni mwa lile tundu la choo pale ubavuni nyama ikaanza kuinuka. Nilimtumia Magesa ujumbe kwa dereva wa lori, aje haraka. Akajibu nivumilie, mavuno yamekaribia, na nisimwambie mtu. Nilikuwa nalia jikoni nikisingizia moshi.

Siku ya kupeleka pamba kuuza ikafika. Mama mkwe alinitwika furushi kwa mikono yake. Tulipokuwa tunapanda kilima nikashikwa na kikohozi. Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu, imeshika mzigo. Nilisikia kitu kinateleza kutoka, kisha maumivu ambayo siwezi kuyaandika.

Mtaniuliza, kwa nini hukuutupa ule mzigo? Mvua ilikuwa imenyesha, na pamba ikishagusa tope haipokelewi daraja la kwanza. Lilikuwa jasho la nyumba nzima. Tena furushi kubwa vile hujitui mwenyewe, unatuliwa. Nikatembea hivyo hivyo mpaka mbele ya mizani, nikasimama kwenye foleni, nikangoja zamu yangu ya kutuliwa. Walipolishusha, nikaanguka.

Mama mkwe ndiye aliyefungua kitambaa. Aliona utumbo umetoka mrefu, umekuwa mweusi. Alivua kanga yake ya juu akanifunika watu wasinione, akasema taratibu, "Mwanangu, mbona hamkuniambia? Ningebeba mimi."

Musoma walinipasua tena. Daktari alinieleza bila kuzunguka: kipande kilichotoka kilikuwa kimekufa, na kilichobaki hakiwezi tena kuunganishwa. Kurudishiwa utumbo ndani... basi tena.

Magesa alikuja. Mama yake akamuuliza mbele yangu kwa nini alificha. Akasema aliogopa watu watamcheka kwamba mke wake anajisaidia ubavuni. Mama akamwambia, "Basi vitambaa vyake utafua wewe, mchana, watu wakikuona." Alifua mara moja tu. Akaondoka, na mpaka leo hajarudi. Maji nachotewa na mama mkwe.

Dada zangu, na nyinyi kaka zangu mliopasuliwa kama mimi, nawasihi. Yule mtakayeshinda naye nyumbani ndiye aende akasikie kwa masikio yake maneno ya hospitali. Tembeeni, ndiyo, maana kulala nako kunaua. Lakini mkikatazwa mzigo, semeni kwa midomo yenu siku ile ile mnayofika, hata kama mila inawafunga. Msimwachie mwenye aibu awasemee. Mimi nilinyamaza kwa heshima, na tumbo ambalo lingeshonwa baada ya mavuno halitashonwa tena.