Uchafu Unatoka

Jamani, sogeeni niwaambie, na mwenye kinyaa azibe pua. Mimi nimechoka kuziba yangu.

Nyumba ya kaka yangu ilikuwa na amani. Yeye kinyozi, mkewe msusi, chumba chao cha kazi kinatazama barabara. Asubuhi za mapumziko walikaa kibarazani na chai yao, wakiwacheka wanaume wanaopita waliojinyoa wenyewe vichwa vikabaki na mabaka.

Kisha mama mmoja wa mtaa wa pili akamletea wifi yangu kopo la unga wa kijivu. Madini ya kusafisha utumbo, alisema. Unakoroga kwenye maji, unakunywa kabla ya kula, uchafu wa miaka yote unatoka. Wifi akaanza kuuza. Muuzaji naye lazima awe na shahidi, na shahidi akawa mume wake.

Kaka alikuwa akiumwa chini ya chembe ya moyo muda mrefu, na alishaamua kwenda kupimwa. Wifi akamwambia amalize kopo kwanza. Kopo likaisha, likaja jingine. Choo chake kikawa cheusi tititi, kinanata kama lami, na harufu yake, mtanisamehe, ilikutana nawe mlangoni. Mwenye akili angeogopa. Wifi yangu alifurahi, akakipiga picha kwa simu. Ndiyo, mmesikia vizuri, choo cha mume wake. Akawaonyesha wateja huku akiwasuka, nao badala ya kutapika wakanunua. Ptuu!

Nilimwambia kaka midomo yake imepauka, anahema akipanda ngazi mbili. Akanijibu kinyonge kwamba mkewe amesema huko kuchoka ndiyo sumu inatoka. Nikamwendea wifi mwenyewe. Akaniambia mawifi ndivyo tulivyo, mke wa kaka akiinua kichwa kidogo tunaumwa roho. Nikaondoka na hasira zangu.

Haukupita muda, kaka akiwa anamnyoa seremala ndevu, wembe ukamtoka mkononi, akaanguka. Seremala wa watu alimbeba mpaka hospitali, povu la kunyolea likimkaukia yeye kidevuni. Daktari akauliza choo cha mgonjwa kina rangi gani. Wifi akatoa simu, tena kwa fahari.

"Cheusi kabisa, daktari. Uchafu unatoka."

Daktari aliitazama ile picha, akamtazama na yeye.

"Mama, hii ni damu. Ana kidonda tumboni, kinavuja. Mmekaa nayo muda gani?"

Wakamwongezea kaka damu, wakampasua, lakini mwili ulikuwa umekwisha. Kaka yangu hakuamka. Sisemi unga ndio uliomtoboa tumbo, daktari hakusema hivyo. Alisema kidonda kile kingewahiwa, kingetibika.

Msibani yule mama wa makopo akaja na mkoba wake. Nikadhani amekuja kuomba radhi. Akaketi kando ya mjane, akamshika mkono, akawageukia wanawake waliokuwa wakilia.

"Tatizo lake," akasema, "alichelewa kuanza."

Nikamwangalia wifi, nikingoja amtimue. Wifi akafuta machozi, akatikisa kichwa kukubali.

"Kweli," akasema. "Alichelewa."

Na wanawake wawili wakauliza kama mkobani mna kopo. Nilitoka nje, nikatapika ukutani.

FUNZO

Ndugu zangu, choo kikiwa cheusi na kinanata kama lami, msishangilie. Huenda ni damu. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, na dawa zote mnazokunywa, hata za kopo, zitajeni kwa daktari. Maumivu yasiyoisha hupimwa, hayasafishwi. Na anayekuuzia kitu ambacho ukipona kimekuponya, na ukifa ulichelewa, huyo hawezi kushindwa kamwe. Wa kushindwa ni wewe. Mkimbieni, hata kama mnalala naye kitanda kimoja.