Nusu ya Maisha

"Futa jina langu," Keji alisema, akaitupa tiketi mezani kwa Dunstan, karani wa basi. "Siendi Kampala kudungwa mionzi."

"Basi linaondoka baada ya dakika ishirini, mpenzi."

"Mpenzi wako ni hilo basi."

Abiria waliojaa kwenye ofisi ile ndogo ya mabasi, mtaa wa Hai Jalaba, Juba, walianza kusikiliza bila kujificha. Keji hakujali. Alivaa gauni la manjano, lile ambalo Dunstan alilisifu siku walipokutana hapahapa mwaka jana, wakigombana juu ya mzigo wa Keji wa vitenge uliopotea. Sasa lilimning'inia kama limeanikwa kwenye kamba. Saratani ya damu ilikuwa imemla miezi minne. Kabla ya kuanza dawa kali, daktari wa Kampala alitaka kwanza picha ya moyo, ile ambayo kabla yake mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi.

"Damu yangu imeharibika tayari, na nyinyi mnataka kuiongezea moto. Nikirudi nitamshikaje mwanangu Joy? Ana miaka miwili. Anarukia mapajani bila kuomba ruhusa."

"Bila picha hawatakupa dawa. Na bila dawa..."

"Malizia."

Dunstan aligonga muhuri kwenye tiketi ya mtu mwingine, ukatua juu chini.

"Karatasi ya hospitali ni ya Kiingereza," Keji akaendelea. "Mimi nilisoma kwa Kiarabu. Nani alinisomea? Ni wewe. Ukasema dawa hiyo ina hafu-laifu. Nikauliza ndiyo nini, ukajibu ni nusu ya maisha, inakula nusu ya maisha ya mtu. Jioni ileile ukanikatia tiketi. We Dunstan, umegawa maisha yangu kama muwa?"

"Ndiyo, niligawa." Sasa na yeye alikuwa amekasirika. "Nikaona nusu yako ni bora kuliko kukuzika kabla ya Pasaka. Mimi ni mchoyo. Nichukie."

Mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi akasema "Eh" taratibu.

Keji alitoa simu, akampigia nesi wa Kampala, akaweka spika ili wote wasikie.

"Sista, ni Keji wa Juba. Hafu-laifu inakula miaka mingapi?"

Kikasikika kicheko kilichobanwa. "Nnyabo, mama yangu, inayopungua ni dawa, si wewe. Kila baada ya saa sita nguvu yake inabaki nusu. Kesho yake karibu imekwisha."

"Kwa hiyo haina hatari."

"Sikusema hivyo. Mionzi ni mionzi, ila hiyo ni kidogo. Hatari kubwa ni kukupa dawa ya saratani bila kujua moyo wako una nguvu gani, maana dawa ile inaweza kuuumiza. Siku ya picha kunywa maji mengi na usimpakate mtoto. Kesho yake mpakate utakavyo."

Keji akakata simu. Alimtazama Dunstan bila huruma hata punje.

"Wewe ulisoma sekondari mpaka senior six."

"Fizikia nilifeli."

"Wiki mbili nimewaza nani atamlea Joy. Wewe ungeuliza kwa simu moja tu."

"Niliogopa jibu."

"Mgonjwa mimi, mwoga wewe."

Akampigia mama yake aliyeko mtaa wa Kator, akamwambia mtoto abaki huko mpaka atakaporudi. Kisha akaiokota tiketi.

"Khalas, inatosha. Andika jina lako kiti cha pembeni yangu."

"Na ofisi?"

"Matiya mwenzako si huyo hapo dirishani? Anajua kuandika majina. Labda anajua na Kiingereza." Hakutabasamu. "Sijakusamehe. Nitakugombeza mpaka Nimule, mpakani, na ukisinzia nitakuamsha."

Dunstan akajiandika, akamkabidhi Matiya muhuri, akatungua koti lake msumarini. Alipofika nje Keji alikuwa ameshapanda. Naye akapanda, na kondakta akafunga mlango.