Samaki Bila Bukari

Joto la Oktoba lilikuwa limelikaba soko la mtaa wa Kenya tangu asubuhi, na samaki mkubwa mbichi alibaki mmoja tu. Katongo akamshika kichwa. Mkono wa mtu mwingine ukamshika mkia.

"Mademoiselle, huyu ni wangu," alisema kijana mwenye shati jeupe la kupigwa pasi, viatu vyake vyekundu kwa vumbi la Kasumbalesa.

"Utamupika na nini?"

"Na bukari ya unga ya mahindi, tomati, mafuta mingi."

"Basi utamuua mara mbili."

Kijana akacheka hata akauachia mkia. Jina lake Guelor, wakala wa forodha huko mpakani Kasumbalesa. Katongo hakuwa msemaji, lakini mbele ya samaki hakuogopa mtu. Alikuwa mpishi wa bibi mmoja Mgiriki, aliyemfundisha pishi la siku za joto: samaki mbichi, mafuta ya zeituni, ndimu, nyanya, kitunguu. Robo saa juu ya makaa, basi. Mtu anainuka mezani mwepesi.

Jumapili Guelor alialikwa, akaonja, akaramba vidole. Tangu siku ile simu ililia kila mchana.

"Sheri, mupenzi wangu, niko mu foleni ya makamyo. Unapika nini?"

"Haikuhusu."

"Niambie tu, nikule na masikio."

Mwaka ukazunguka. Kwao Guelor, msichana anayetaka kuolewa hupeleka chungu cha chakula kwa mama wa kijana. Kikirudi kitupu, bila kuoshwa, amepokelewa. Kikirudi kimejaa, asisumbuke tena.

"Weka hata bukari kidogo," Lydie, shangazi yake Katongo, alimsihi. "Mama ya Guelor, Mama Kapya, atasema unamupa chakula ya bagonjwa."

"Bukari kila mutoto anajua kupika, tantine. Atakula ile miye najua."

Jumamosi adhuhuri Katongo alijifunga kikwembe kipya cha kijani, akapeleka chungu mwenyewe. Saa tisa kikarudi. Exaucée, dada yake Guelor, alikiweka mlangoni bila kuinua macho. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa kamba.

"Na Guelor?" Katongo aliuliza.

"Kwetu bote tumekataa."

Katongo hakulia. Alikata kamba, akavuta kiti hadi barabarani, akamla samaki wote mbele ya majirani, akinyonya mfupa mmoja mmoja. Simu ya Guelor ikaita mara kumi na moja. Hakuipokea.

Kesho yake Guelor akafika, jasho limelowanisha shati.

"Sheri, nilikuwa Kasumbalesa tangu Alhamisi! Miye hata sikuulizwa. Chungu iko wapi? Nitakula mbele ya mama, aone."

"Nimemaliza."

"Yote?"

"Hata kichwa."

"Basi pika ingine, tupeleke pamoja."

"Miye? Sipiki tena ili banipime. Samaki mwingine huyu hapa, mbabula ile pale, makaa inawaka ndani. Kama unanitaka, pika weye."

Guelor akaitazama mbabula, akalitazama shati lake. Kisha akakunja mikono ya shati. Katongo akaketi kitini, akimwelekeza kwa kidevu.

"Ndimu hiyo ni mingi."

"Niache, leo miye njo chef, ndiye mupishi."

Robo saa baadaye Guelor alipita barabarani na chungu mikononi, kikwembe cha Katongo kiunoni kama aproni. Wanawake wakapiga vigelegele vya dhihaka.

"Guelor! Leo weye njo unaolewa?"

"Njo vile!" akajibu, bila kupunguza mwendo. "Nisindikizeni!"

Alirudi mikono mitupu, akaketi chini karibu na kiti cha Katongo. Jua lilikuwa bado juu Exaucée alipotokea na chungu. Katongo akakifunua. Miiba tu, na maganda ya ndimu yaliyokamuliwa hadi mwisho. Hakikuoshwa.

"Mama anasema ndimu imezidi," Exaucée alisema, akizuia kicheko. "Na bukari alipika mwenyewe, akakula nayo. Anauliza: Katongo alikuwa anawaza nini akikamua ndimu vile?"

Katongo akasimama. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika hadi nyumba ya mwisho ya barabara.

"Mwambie mama, mupishi ni mutoto wake! Ataanza kujifunza siku tutaoana. Na siku ile, bukari apike yeye mama."