Kelele za Kulukulu

Fundi cherehani alikuwa mtu mpole, lakini asubuhi hiyo alivua kandambili na kuirusha kwenye mti.

"Ondokeni! Mtamwamsha mtoto!"

Ndege wawili wakaruka. Walikuwa kulukulu, ndege wa kijani wenye kishungi kichwani. Wakiruka, wekundu uliofichwa kwenye mabawa huonekana, na ni mzuri ajabu. Siku zote walikula matunda ya mkuyu nyuma ya nyumba bila kumsumbua mtu. Lakini tangu jana walipiga kelele, kru! kru! kru!, mpaka Fundi akashona mfuko wa suruali upande usio wake.

Huyo mtoto hakuwa wa mtu. Alikuwa kinda wa ndege.

Jana Kitinda, binti wa mwisho wa Fundi, alimkuta chini ya mkuyu, akamleta ndani mbio. Fundi akamhurumia. "Maskini, yatima huyu!" Akamwaga vifungo vyote kutoka kwenye boksi, akatandika vipande vya flana na kumlaza humo. Kisha akamlisha mkate uliolowekwa kwenye maziwa.

Mkewe alicheka. "Wanetu wanne, hukumlisha hata mmoja."

"Hawakuwa na kishungi," Fundi alijibu.

Sasa kinda alikuwa ameinamisha kichwa. Hakutaka kufungua mdomo. Fundi alimpenda sana, na moyo ulimwuma. Kazi haikwenda.

Mara akaingia afisa misitu, mama ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Misitu.

"Fundi, sare yangu iko tayari?"

"Imebaki mikono tu."

"Hata wiki iliyopita ilibaki mikono tu!" Kisha akaona boksi. Akainama. "Huyu mmempa nini?"

"Mkate na maziwa. Ni yatima."

"Ndege hanyonyi, Fundi. Maziwa yanamwumiza tumbo. Na nani kakwambia ni yatima? Tazama, ana manyoya, na miguu yake inashika. Kinda wa kulukulu hutoka kiotani kabla hajajua kuruka. Hutambaa kwenye matawi. Pengine huteleza na kuanguka. Wazazi wake humtafuta na kumlisha."

"Basi wako wapi hao wazazi?" Fundi aliuliza.

Kru! kru! kru! Sauti ilitoka nje.

Fundi akatazama dirishani. Ndege wale wawili walikuwa wamerudi. Kandambili yake ilikuwa imenasa kwenye tawi, karibu nao. Akakaa kitini taratibu.

"Walikuwa wanamwita," alisema. "Wanamwita mtoto wao, mimi nawatupia kandambili."

Kitinda akamshika baba yake mkono.

"Lakini tumemshika," mkewe alisema. "Si watamkataa wakisikia harufu yetu?"

"Wengi wanaamini hivyo, lakini si kweli," alisema Bi Misitu. "Mwanao akirudi ananukia marashi ya jirani, utamfukuza?"

"Nitamuuliza tu kajipakaje!"

Wakacheka, isipokuwa Fundi.

"Mrudishe kwenye mkuyu," Bi Misitu aliendelea. "Mweke kwenye tawi lenye majani, mbali na paka. Kisha tuondoke. Tukisimama pale tunamkodolea macho, wazazi hawatashuka. Angekuwa na jeraha, au hajaota manyoya, mngeniita mimi."

"Na wasipokuja?"

"Basi nitampeleka mwenyewe kwa daktari wa wanyama. Lakini wape nafasi kwanza."

Kitinda akamfungia paka chumbani. Fundi akapanda kiti, akamweka kinda tawini. Ilimchukua muda kumwachilia. Kisha wote wakaingia ndani, wakasimama nyuma ya pazia.

Kinda alitulia. Halafu akalia kwa sauti nyembamba.

Juu, majani yakatikisika. Kulukulu mmoja akashuka, tawi kwa tawi, akirukaruka. Akamsogelea mtoto wake. Kinda akainua kichwa, akafungua mdomo wazi, na mzazi akamtilia mdomoni tunda laini alilolitoa kooni mwake.

"Anakula!" Kitinda alinong'ona. "Baba, anakula!"

Fundi alikuwa anafuta machozi.

"Fundi," alisema Bi Misitu, "hiyo ni sare yangu."

Baada ya muda, kinda alijua kuruka, na wekundu wa mabawa yake mwenyewe ukaonekana. Vifungo vikarudi kwenye boksi. Siku hizi mtoto yeyote akipita na kinda mkononi, Fundi humwuliza kwanza, "Umemwokota wapi? Twende tumrudishe, mama yake anamtafuta."

Na asubuhi kulukulu wanapoanza kelele zao, Fundi husimamisha cherehani.

"Anaitwa," humwambia Kitinda.

Nao hukaa kimya, baba na binti, mpaka wamsikie mtoto akiitikia.