Benchi la Saa Kumi na Robo

"Futa! Futa sasa hivi, mbele yangu!"

Mchumba wangu alinisukumia simu yake usoni. Mjini wanamwita Daktari, ingawa anauza dawa tu. Koti lake jeupe halivui hata akienda sokoni. Mchana huo alikuwa amelivaa sebuleni kwa shangazi yangu aliyenilea, na shangazi alikuwa upande wake.

"Nifute nini?"

"Hiyo riwaya yako. Mji mzima unanicheka!"

Mimi ni fundi cherehani. Nikifunga kazi huenda kwenye bustani ya mji, nakaa kwenye benchi na kuandika hadithi ya mapenzi kwenye simu. Kila Ijumaa nabandika sura moja kwenye ukurasa wangu. Bustani yenyewe ndogo, unaimaliza kwa dakika tano: njia ya kokoto, bomba moja, chemchemi isiyotoa maji. Humo ndimo nilimowaweka wapenzi wangu wawili, na ilibaki sura ya mwisho tu.

"Msichana wako anampenda mtunza bustani," Daktari akasema. "Na bustani ya mji ina mtunza mmoja! Mimi niko wapi humo?"

"Sura ya nne."

"Nani?"

"Yule anayekanyaga maua akiongea na simu."

Shangazi akakohoa. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, lakini alijikaza haraka.

"Mwanangu, usitutie aibu. Harusi ni mwezi ujao. Hiyo sura ya mwisho, msichana aolewe na muuza dawa, yaishe. Kwani unapungukiwa nini?"

"Shangazi, huyo msichana hampendi muuza dawa."

"Si wa kubuni?"

"Wa kubuni, lakini ana akili zake."

"Na huyo mkata nyasi nimeshamfuata," Daktari akadakia. "Nimemwambia akae mbali na mke wangu."

Damu ikanichemka. Yule kaka hajawahi kuniambia zaidi ya "habari za jioni." Mara moja tu nilimuuliza kwa nini benchi asubuhi liko getini na jioni nalikuta karibu na chemchemi. Akanijibu kwamba nyasi za chini yake zinahitaji kupumua. Jibu lile nililipenda mno, nikaliweka kwenye sura ya tisa.

"Mke wako nani?"

Nikavua pete, nikaiweka mezani.

"Unaniacha kwa ajili ya mkata nyasi?"

"Nakuacha kwa sababu unataka kuniandikia mwisho. Leo wa riwaya, kesho wa maisha yangu."

"Utajuta!"

"Nikijuta nitaandika. Wasomaji ninao."

Shangazi akashika kichwa. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, wala sikugeuka.

Siku hiyo niliwahi kufika bustanini. Nikamkuta mtunza bustani anakokota benchi kutoka getini, jasho linamtiririka. Aliponiona akasimama, kama mtu aliyefumaniwa.

"Kaka, nimekuja kukuomba radhi. Yule mtu kakutukana kwa sababu yangu."

"Kanitukana kweli. Nikaona bora nisome hicho alichonitukania. Nimesoma sura zote kumi na moja."

"Nimekuudhi?"

"Hapana. Ila sura ya tisa ina kosa."

"Kosa gani?"

"Umeandika nahamisha benchi kwa ajili ya nyasi."

"Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema." Akafuta mikono kwenye suruali, macho chini. "Nyasi zinataka mara moja kwa mwezi, fundi. Kulikokota kila siku ni kuziumiza. Bosi anataka likae getini, ameshanipa onyo mara mbili."

"Sasa kwa nini?"

"Pale getini saa kumi jua linapiga usoni, kwenye chemchemi kuna kivuli. Wiki ya kwanza nilikuona unaandika huku umeikinga simu kwa mkoba, kioo hukioni vizuri. Na wewe hufika saa kumi na robo."

Nililia, tena bila kuona haya. Karibu miezi mitatu nimekaa kivulini nikibuni mapenzi, kumbe kuna mtu ananibebea benchi.

"Kaa," nikamwambia.

"Niko kazini."

"Hata mimi niko kazini. Kaa nikuulize vizuri, sura ya mwisho sijaiandika."

Akakaa, mwisho kabisa wa benchi. Simu ikalia. Ujumbe wa shangazi: "Umefuta?"

Nikaandika: "Hapana shangazi. Narekebisha sura ya tisa, ilikuwa na kosa."

Akajibu palepale: "Daktari kaondoka na pete yake. Ukimaliza nitumie mimi kwanza, siwezi kungoja Ijumaa."