Diski Aliyoiacha Jonah

Haya yalimpata rafiki yangu Bhavin, mwenye studio ya picha pale Nakuru, mwaka wa 2008. Studio aliianzisha na Jonah, kisha akamfukuza. Hata kwenye picha ya siku ya ufunguzi alimfuta kwa kompyuta, akaichapisha upya na kuitundika ukutani. Jonah hakugomba. Alimwachia tu diski ya kufungua programu ya picha bila leseni.

"Zima antivairasi kwanza, boss, la sivyo itaizuia," alisema. "Siku programu itakapodai leseni, utanikumbuka."

Asubuhi moja programu ilidai leseni, ikagoma. Mteja wake, Mansi, alikuwa njiani kuchukua picha za harusi yake, ambazo hazikuwa na nakala nyingine popote. Bhavin akazima antivairasi, akaingiza diski.

Programu ikafunguka. Halafu picha za Mansi zikaanza kujifungua zenyewe, na katika kila moja nyuso zikafutika, zikabaki sari na vilemba. Bhavin akang'oa waya wa umeme. Chumba kile hakikuwa na dirisha, na mwanga pekee ulikuwa wa kompyuta. Gizani, diski iliendelea kuzunguka, ikivuma polepole kama mtu anayeimba amefunga mdomo.

"Bhavin bhai, picha ziko tayari?" Mansi aliita, akafungua mlango.

Mwanga ukaangukia ukutani. Kwenye picha ya ufunguzi Jonah alikuwa amerudi, anatabasamu, mkono wake juu ya bega la mwenzake. Shati la huyo mwenzake lilikuwa la Bhavin. Juu ya kola hapakuwa na kitu.